Kompyuta Imeugua Nikiwa Likizo

Jumatatu, 3 Agosti

Siku ya kwanza ya likizo. Nimechoka hoi. Mwaka mzima nimekaa kwenye kiwanda cha uchapaji nikisoma maandishi ya watu kutafuta makosa: nukta iliyotoroka, herufi iliyojirudia, jina la waziri lililogeuka jina la mboga. Mpango wangu wa likizo ulikuwa kulala. Nikiamka, nilale tena.

Mke wangu ndiye aliyeharibu mpango. Yeye ni mkunga, na anasoma chuo huku anafanya zamu. Tasnifu yake inakaribia kuisha. Msimamizi wake anaitaka Jumatatu ijayo. Asubuhi alilalamika kwamba kompyuta ya sebuleni imekuwa nzito, akifungua faili anaweza kuchemsha chai, akainywa na kuosha kikombe kabla halijafunguka. Akasema atamwita mdogo wake aje aitazame.

Nikashtuka. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, hutengeneza kompyuta za ofisi ya bima. Mara ya mwisho alipokuja alikaa kwenye kiti changu, akapuliza vumbi kwenye kibodi kama anayefukua kaburi, akanitazama, akasema, "Shemeji, wewe usiguse kitu." Mbele ya mama mkwe! Maneno hayo bado yamenikaa kooni.

Nikamwambia mke wangu asimsumbue mtu. Mimi nipo. Mimi najua kusoma, na kompyuta ni kusoma tu. Akanitazama kwa macho ya mtu aliyetoka zamu ya usiku, akaenda kulala.

Nikaingia mtandaoni. Haikunichukua muda. Nimepata programu iitwayo Kasi Maradufu. Ya bure! Tangazo lake lilikuwa na makosa ya tahajia hadi kwenye neno "uhakika". Niliyasahihisha kichwani, kwa mazoea, kisha nikapakua. Ikauliza nakubali. Nikakubali. Ikauliza tena kitu kirefu chenye maandishi madogo. Macho yangu yako likizo, kwa hiyo nikakubali na hicho. Mama mkwe alikuwa amesinzia kwenye kochi nyuma yangu. Hakuna shahidi.

Kompyuta ikawa nyepesi! Niliita jina langu mwenyewe kwa furaha. Baada ya hapo dirisha likajifungua lenyewe. Mwanamke mwenye nywele ndefu hadi magotini, anazungusha kichwa, anauza mafuta ya kuotesha nywele. Nikamfunga. Wakaja wawili.

Jumanne, 4 Agosti

Wamekuwa ukoo mzima sasa. Unafungua habari za hali ya hewa, wapo. Unafungua kamusi, wapo. Ukurasa wa kwanza wa kivinjari umebadilika na haukubali kurudi ulivyokuwa. Nimeusemesha kwa upole, nimeusemesha kwa ukali. Wapi.

Mke wangu akaingia bila viatu, sikumsikia. Akakuta skrini nzima imejaa vichwa vya watu kabla na baada ya kupaka mafuta. Akaniuliza taratibu kama nina wasiwasi na nywele zangu. Nilikuwa na njia mbili: kusema ukweli, au kusema ndiyo.

Nikasema ndiyo.

Ah, jinsi alivyolainika! Alinikalisha chini, akasema kwa nini sikumwambia mapema, mtu na mkewe wanafichana nini. Akaleta mafuta ya nyonyo, akanisugua utosini kwa vidole vile vilivyopokea watoto wa watu wote mtaani. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyofanyiwa mwaka huu. Nilijisikia vibaya sana. Sikumwambia aache.

Alipoenda chuoni, kompyuta ikapiga king'ora. Skrini nyekundu. HATARI! Kompyuta yako ina wadudu! Bonyeza hapa isafishwe sasa hivi! Nikasema, kumbe hata yenyewe imeona. Afadhali tuna mwenzetu anayejali. Nikabonyeza.

Sasa ziko programu mbili. Kasi Maradufu inasema ile mpya ni kirusi. Ile mpya inasema Kasi Maradufu ni kirusi. Zinatukanana kwa zamu katikati ya skrini huku mimi nimekaa na kipanya mkononi kama mjumbe wa nyumba kumi kwenye ugomvi wa majirani. Nadhani zote mbili zinasema kweli.

Jioni mke wangu aliandika sura ya mwisho. Anabonyeza herufi, inatokea akishaisahau. Katikati ya kuandika skrini ikaganda. Akazima kompyuta kwa kidole, akainamisha paji la uso kwenye kibodi, akakaa hivyo. Nilimpelekea maji. Hakuyaona.

Jumatano, 5 Agosti

Leo nimefanya jambo ambalo sitaki kuliandika. Naliandika kwa sababu nimeshafungua ukurasa.

Wakati wa kunywa chai mke wangu aliuliza nani amegusa kompyuta. Sikumtaja mtu. Mungu ni shahidi yangu, sikumtaja mtu! Nilisema tu, nikitazama dirishani, kwamba nimesoma mahali kuwa michezo ya karata ya mtandaoni huja na wadudu.

Ndani ya nyumba hii anayecheza karata mtandaoni ni mmoja. Mama mkwe. Tangu ahamie kwetu, magoti yakiwa yamemgomea ngazi za nyumba yake, hiyo ndiyo starehe yake. Anacheza na watu asiowajua, anawafunga, anacheka peke yake, kisha anajipikia chai ya ushindi.

Alikuwa mlangoni. Alisikia kila neno.  Aliichukua miwani yake iliyokuwa pembeni ya kompyuta, akaikunja, akaenda chumbani kwake na kufunga mlango polepole sana. Bora angeubamiza.

Mke wangu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba atazungumza na mama, kwamba mama hakujua. Nikaitikia kwa kichwa kama hakimu mwenye huruma.

Mchana mama mkwe alikula chumbani. Nilipopita na sahani alimwambia paka, "Mwambie baba mwenye nyumba nimeshiba." Paka akanitazama. Nimeishi na paka huyu tangu akiwa kifuko cha manyoya, leo ananitazama kama mkusanya kodi.

Nimejaribu kuziondoa zile programu mbili. Ukiifuta moja, nyingine inairudisha. Kumbe zilikuwa zinagombana kwa ajili ya macho ya watu tu.

Alhamisi, 6 Agosti

Simu imelia tangu sijafumbua macho.

Wa kwanza alikuwa bosi. Aliuliza kama niko salama kichwani. Nikamwambia niko likizo. Akasema ameona, na ameona pia ujumbe wangu, na kwamba yeye nywele zake zinamtosha. Sikumwelewa. Wa pili alikuwa kiongozi wa kwaya ninayoimbia sauti ya nne. Aliniambia kuwa ana miaka mingi ya kunivumilia ninavyotoka nje ya sauti na hakutegemea malipo yake yawe haya.

Nikafungua barua pepe kupitia simu. Ujumbe umetoka kwenye anwani yangu, kwa jina langu, kwenda kwa kila mtu niliyewahi kumwandikia. Unaanza hivi: "Ndugu mpendwa, upara si mwisho wa maisha." Chini yake kuna picha ya yule mwanamke na kitufe cha kubonyeza.

Niliteremka orodhani. Daktari wa meno. Shangazi. Fundi wa friji. Halafu nikamwona, nikakaa sakafuni. Msimamizi wa mke wangu chuoni. Anwani yake ninayo kwa sababu rasimu za mke wangu ninazisahihisha na kuzituma mimi. Nilishamwona msimamizi huyu. Kichwa chake kinang'aa kama bakuli lililooshwa leo. Hakikubakisha unywele wa kushuhudia kwamba wenzake waliwahi kuwepo.

Alikuwa ameshamwandikia mke wangu. Mke wangu alinisomea akiwa amesimama jikoni na sare ya kazi. Msimamizi anasema amepokea salamu za mumewe. Anasema kichwa hiki anacho tangu ujana na wameelewana. Anasema Jumatatu asubuhi ni Jumatatu asubuhi, hakuna tena siku ya nyongeza.

Nilimwambia mke wangu nimedukuliwa. Akasema, "Na karata za mama?" Nikasema inawezekana kabisa. Nafsi yangu ilitoka nje kidogo kuvuta hewa.

Nikapanga kurekebisha mambo haraka. Niliandika barua ya kuomba radhi, fupi, yenye heshima, isiyo na kosa hata moja la uandishi. Nikaituma kwa watu wote, kutoka kwenye kompyuta, kwa sababu kwenye simu herufi ni ndogo. Ilipofika kwao, chini ya neno "samahani" alikuwepo yule mwanamke anazungusha kichwa.

Bosi hakupiga simu tena. Ameandika neno moja: "Pumzika."

Ijumaa, 7 Agosti

Leo niliamua yaishe. Nimesoma kwenye simu kwamba ipo njia ya kuirudisha kompyuta ilivyotoka kiwandani, safi, haina wadudu wala kumbukumbu. Mke wangu yuko zamu. Mpango: naisafisha, akirudi anaikuta mpya, anauliza nani kafanya, nanyamaza kwa unyenyekevu.

Nikafika mahali pa mwisho. Kitufe kimeandikwa Futa Vyote. Nikanyoosha kidole.

"Mkwe wangu."

Mama mkwe, mlangoni. Hatujasemezana tangu juzi. Alikuwa ameegemea fremu ya mlango kwa sababu ya magoti.

"Naam, mama."

"Ukikibonyeza hicho, kazi ya mwanangu inabaki wapi?"

Nikamjibu kwa kujiamini kwamba mkewe, yaani mke wangu, yaani binti yake, lazima ana nakala mahali.

"Umeiona?"

 Nilianza kufikiria mahali inapoweza kuwa. Kwenye flashi? Flashi iko kwenye mkoba wake, na ndani yake ninajua kuna picha za harusi ya jirani, maana nilimwekea mimi. Kwenye barua pepe? Hiyo ni rasimu ya zamani. Sura ya mwisho, ile aliyoiandika macho yakijifumba, iko humu tu, ndani ya kompyuta hii, umbali wa kidole changu.

 Nikarudisha mkono, nikaukalia, nisije nikausahau.

Mama mkwe akatembea hadi kwenye kisanduku cha intaneti, akashika ukuta, akainama kwa taabu na kuchomoa waya. Akasema ameshamwita binti yake mdogo, yule shemeji yangu, tangu jana. Kesho anakuja. Nikasema haikuwa na haja. Akasema, "Kaa mbali na hicho kiti, baba. Nenda kalale. Si ndiyo likizo?"

Nimelala. Sikupata usingizi.

Jumamosi, 8 Agosti

Shemeji amekuja na mkoba wake na kompyuta yake ndogo. Hakunisalimia kwa jina. Alisema, "Mgonjwa yuko wapi?" nami nikadhani ananisema mimi.

Sitaki kumsifu. Lakini nitaandika alichofanya, maana nilikuwa nimesimama nyuma yake nikijifanya ninafuta kabati. Kwanza alifurahi kukuta waya wa intaneti umechomolewa. Aliuliza nani mwenye akili, mama mkwe akakohoa. Kisha akaiwasha kompyuta katika hali salama, ambayo ni namna ya kuiamsha nusu, vile vitu vya msingi tu, ili wale wadudu wabaki wamelala. Alifukua tasnifu kwanza, akaihamishia pembeni na kuipekua kabla ya jambo jingine lolote. Akaziondoa zile programu mbili, na nyingine ambazo hata sikuwahi kutambulishwa. Zilikuwa zimejificha ndani ya kivinjari na kwenye orodha ya vitu vinavyojiwasha vyenyewe asubuhi. Halafu akachomeka flashi aliyoiandaa kwenye kompyuta isiyo na wadudu huko kwake, yenye programu ya kusaka virusi, akaiacha isake faili moja moja. Ilipomaliza akasaka tena kwa programu nyingine, kwa sababu, alisema, mlinzi mmoja husinzia.

Maneno yetu yote ya siri aliyabadilisha kwa kutumia kompyuta yake, si ya kwetu. Langu lilikuwa jina la paka. Alilisoma kwa sauti. Paka akaondoka chumbani.

Mke wangu akafika jioni, mguu mmoja mbele ya mwingine. Shemeji akamfungulia tasnifu. Ipo! Nilishusha pumzi. Wakateremka hadi mwisho, nikaona uso wa mke wangu unafungwa kama duka. Ile sehemu ya Jumanne, kurasa alizoandika kabla skrini haijaganda, haipo. Haikuwahi kuhifadhiwa.

Akauliza nani. Hakuuliza kwa hasira, ndiyo maana sikuweza kumtazama. Shemeji alikuwa anajua, nilimwona anajua, lakini alijishughulisha na kukunja waya. Nikafungua mdomo. Nakiri kwamba neno lililokuwa linakuja ni karata.

"Jumatatu sikulala," akasema mama mkwe kutoka kwenye kochi. "Nilifumba macho tu. Nilimwona anakubali, anakubali, anakubali. Nikasema ngoja nione atafika wapi. Sikujua atafika kwangu."

 Shemeji akaacha kukunja waya.

Mke wangu akaniuliza, "Na nywele?"

Nikamwambia nywele sikuwahi kuzifikiria.

Alicheka. Alicheka hadi akashika meza, shemeji naye akacheka, mimi nikaanza kucheka kwa matumaini. Halafu nikaona hacheki tena. Akakaa chini. Akasema usiku wa kuamkia Jumanne alimhudumia mama mmoja tangu jua linazama hadi alfajiri, na mtoto hakupona. Akasema alirudi nyumbani akitaka kitu kimoja tu katika dunia hii kifanye kazi kinavyotakiwa, na siku ile akanisugua kichwa kwa sababu alifikiri angalau hilo analiweza.

Nilimvua viatu, nikaenda kumpashia chakula. 

Jumapili, 9 Agosti

Ameandika kutwa. Kurasa zile zimerudi. Anasema nyingine ni bora kuliko za kwanza, lakini amesema hivyo bila kunitazama. Nilizisoma kwenye karatasi, nikakuta kosa moja tu, nikaacha kulitaja kwa muda. Kisha nikalitaja. Akasema asante.

Nilimwomba mama mkwe radhi. Nilipiga magoti kabisa. Akasema niinuke, magoti si kitu cha kuchezea. Akatoa karata za kweli kutoka chini ya mto, akaniambia nikae. Alinifunga michezo yote. Hakuna hata mmoja alioniachia kwa huruma. Baadaye alijipikia chai, akanimiminia na mimi. Nimeipokea kama msamaha.

Mke wangu aliniamuru nimpigie simu kila mtu, kwa mdomo wangu, kuwaambia wasibonyeze kitu. Nimepiga hadi sikio likawa la moto. Wa mwisho alikuwa msimamizi. Nilijieleza, nikajiinamisha, nikajidharau. Akanisikiliza. Akasema yamekwisha. Halafu akashusha sauti, akaniuliza kama mafuta yenyewe yanafanya kazi.

Nikamwambia yananukia vizuri.

Shemeji alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni. Nilijua kinachokuja. Lakini alisema tu nimwangalie dada yake, kisha akaenda. Hilo limenichoma kuliko lile la kwanza.

Nimejifunza. Naliandika hapa kwa wino: nimejifunza.

Jumatatu, 10 Agosti

Mke wangu ametuma tasnifu kabla ya saa kufika! Msimamizi amejibu kwamba imefika salama. Nyumba nzima tulishangilia, hata paka alikaa nami kidogo. Mke wangu ameenda kulala, na kabla hajalala alipitisha mkono kichwani mwangu. 

Kisha simu ikalia. Msimamizi. Akaniomba tuongee kiume. Alikibonyeza kile kitufe tangu Alhamisi. Sasa kompyuta yake ya ofisini imejaa wanawake wanaozungusha vichwa, na anaona aibu kumwita fundi wa chuo. Akauliza kwetu tuliitatuaje, nani aliyeifanya kazi ile.

Ningeweza kutoa namba ya shemeji. Ilikuwa mdomoni. Lakini alikuwa ameniita "mtaalamu", kwa sauti ya mtu anayezama, na hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nikasema nimeifanya mwenyewe.

Ninaandika haya ofisini kwake chuoni, nimekaa kwenye kiti chake. Nimemwomba atoke nje ili nifikirie vizuri. Nimemwambia mke wangu, kupitia kikaratasi mlangoni, kwamba nimeenda kunyoosha miguu. Sikuona haja ya kuwasumbua, wamechoka sana wiki hii. Na kusema kweli nilimtazama shemeji kwa makini, si jambo gumu. Tatizo ni kwamba sina ile flashi yake. Nimetafuta mtandaoni. Programu ya kwanza inahitaji kulipiwa. Ya pili ni ya bure, na tayari inapakuliwa.

Tasnifu ya mke wangu iko hapa, wazi katikati ya skrini, ukurasa wa kwanza. Imenizibia kidogo. Nimeisogeza pembeni nipate nafasi ya kufanyia kazi.